Flagyl haitakusaidia kama kinga imeisha

Simama nje ya duka lolote la dawa mtaani, iwe Kayole au Kisauni, na kabla ya nusu saa kuisha utasikia mtu akisema, "Daktari, nipatie Flagyl, tumbo inanisumbua." Huyo anayeitwa daktari huenda hata si daktari. Haulizi tumbo limesumbua siku ngapi. Anahesabu vidonge, anavifunga, unalipa, unaenda zako.

Sina ugomvi na Flagyl. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, inaua amiba na giadia. Ugomvi wangu ni kwamba tumeifanya jibu la kila tumbo. Kuna vijana wenzetu wanaomaliza miezi wakinunua dawa ya kimelea ambacho hawana, huku kile walicho nacho kikiwamaliza polepole.

Msimamo wangu ni huu: ugonjwa mdogo ukimwangusha mtu mwenye nguvu zake, usihangaike na ugonjwa peke yake. Uliza kinga ya mwili ilienda wapi. Kipimo cha kujibu swali hilo kipo, kinaitwa CD4, na tunafaa kukidai kama tunavyodai chenji kwa konda.

Kabla hujaniuliza nilisomea wapi udaktari, sikusomea. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika. Kwa hivyo hapa sitamwandikia mtu dawa. Lakini haya ninayosema yako kwenye miongozo ya matibabu inayofuatwa kila siku, na hayahitaji digrii kueleweka.

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu husema "magonjwa nyemelezi." Ni viini ambavyo kwa mtu mwenye kinga kamili havifanyi lolote la maana, lakini kinga ikishuka vinapata nafasi. Kuna bakteria, kuna kuvu, kuna TB. Leo nataka tuongee kuhusu vimelea, kwa sababu hao ndio tunawachukulia poa zaidi. Mtu akisikia kimelea anawaza minyoo ya watoto wa shule, kidonge kimoja na imeisha.

Chukua kriptosporidiamu. Jina ni refu, tukiite kripto. Kinaingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu au mnyama. Mtu mwenye kinga nzuri akikimeza ataendesha wiki moja au mbili, atachoka, halafu mwili utakifukuza wenyewe bila dawa yoyote. Lakini kwa mtu ambaye virusi vya HIV vimeshusha CD4 zake chini ya 100, kimelea hicho hicho kinahamia kabisa. Anaendesha mchana na usiku, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maji na chumvi mwilini vinaisha, suruali inaanza kushikiliwa na mshipi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kripto iliyopitisha mwezi mmoja kwa mtu mwenye HIV kuwa hatua ya nne ya ugonjwa, na hakuna hatua ya tano.

Flagyl haiui kripto. Unaweza kumeza pakiti tatu na bado asubuhi uko chooni. Ukienda maabara kupimwa choo, kipimo cha kawaida mara nyingi hakikioni, kwa sababu sampuli inahitaji kutiwa rangi maalum ndipo kionekane kwenye hadubini. Kwa hivyo unaambiwa "choo iko sawa," unarudi keja na karatasi safi na tumbo lile lile.

Hata maji tunayodhani tumeyasafisha yana mtego. WaterGuard na dawa nyingine za klorini huua bakteria wengi, wakiwemo wa kipindupindu, na usiache kuzitumia. Ila kripto ana ganda gumu ambalo klorini ya kiwango hicho hailivunji. Kinachomuua ni moto. Chemsha maji yatokote kabisa kwa dakika moja, na kama unaishi sehemu za juu kama Limuru au Nyahururu, yape dakika tatu.

Usidhani hii ni shida ya mitungi na mabomba yaliyopasuka kwenye mitaa yetu pekee. Mwaka wa 1993, katika jiji la Milwaukee kule Marekani, kripto alipenya mtambo wa kusafisha maji hadi kwenye mifereji ya nyumbani. Watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 waliugua. Wengi wao waliendesha, wakalalamika, wakapona. Waliokufa, wengi walikuwa watu wenye Ukimwi, na hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya zile dawa za ARV za mchanganyiko kuingia. Maji yalikuwa yale yale na kimelea kile kile. Kilichoamua nani atapona na nani atazikwa ni kinga.

Sasa dawa ya kripto ni gani? Kuna moja inaitwa nitazoksanaidi, na inasaidia watu wenye kinga nzuri. Kwa wale ambao kinga imeshuka sana, haijaonyesha kutegemewa. Tiba yao halisi ni kurudisha kinga: kuanza ARV, au kurudi kwazo kama uliacha, huku ukirudishiwa maji na chumvi mwilini kwa ORS, au kwa dripu ikibidi. CD4 zikianza kupanda, mwili wenyewe unafanya ile kazi Flagyl ilishindwa. Hapo ndipo ninapotaka usome tena kichwa cha makala hii.

Tutoke tumboni tupande kichwani, maana huko ndiko mambo huwa noma zaidi.

Kuna kimelea kingine kinaitwa toksoplasma. Kinazaliana ndani ya paka na kutoka na kinyesi chake, kinaingia kwenye udongo, kwenye mboga, na kwenye nyama ya wanyama waliokula hapo. Binadamu wengi sana duniani wanacho na hawatawahi kujua. Kimelala tu kwenye misuli na ubongo, kinga imekifungia. CD4 zikishuka chini ya 100, mlinzi hayuko, nacho kinaamka.

Kikiamka kwenye ubongo, hivi ndivyo inavyoonekana kutoka nje. Kijana anaanza kuumwa kichwa kisichosikia Panadol. Ana homa. Anasahau vitu, anaongea maneno yasiyoungana. Mkono mmoja unalegea, au mguu, au uso unaanguka upande. Siku moja anapatwa na degedege mbele ya watu.

Mtaani jibu liko tayari kabla ya gari la kumbeba kufika. Amerogwa na yule waliyekuwa wakishindania kazi. Ni mapepo. Ni ile pombe ya bei ya chini. Mathe anachukua mkopo wa chama, kijana anapelekwa mashambani kwa mtaalamu, au kwenye maombi ya kukesha, na wiki mbili zinapotea. Kwa ugonjwa huu wiki mbili ni nyingi sana.

Sina vita na maombi. Omba. Lakini ombeni mkiwa kwenye gari linaloelekea hospitali. Kwa sababu toksoplasma ya ubongo inatibika, na watu wengi hawajui hilo. Mgonjwa akianzishiwa dawa mapema, mara nyingi anaanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili. Nafuu hiyo yenyewe ni sehemu ya jinsi madaktari wanavyothibitisha kwamba walikisia sawa, hasa pale ambapo picha ya ubongo haipatikani au bei yake imepita familia. Wanatakiwa pia kuangalia TB ya ubongo na homa ya uti wa mgongo ya kuvu, kwa sababu dalili zinafanana. Ndiyo maana hii si kazi ya duka la dawa.

Na unajua dawa inayotumika sana huku kwetu? Septrin. Ndiyo, ile Septrin unayoijua. Inatolewa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko kile cha kujikinga, kwa angalau wiki sita, kisha mgonjwa anaendelea na kiwango kidogo hadi CD4 zipande na zikae juu. Kule Marekani dawa ya kitabuni ni pirimethamini pamoja na salfadiazini. Mwaka wa 2015 kampuni ya Martin Shkreli ilipandisha bei ya hiyo pirimethamini kutoka dola 13.50 hadi dola 750 kwa kidonge kimoja, dunia nzima ikapiga kelele. Sisi tuna Septrin ya bei ya chini, inayofanya kazi hiyo hiyo vizuri, na bado watu wetu wanakufa kwa ugonjwa huo. Kwa hivyo shida kubwa haiko kwenye bei ya kidonge. Shida ni kwamba mtu anafika hospitali akiwa amechelewa, au hafiki kabisa.

Tena hiyo Septrin, ukiimeza kila siku kwa kiwango cha kujikinga, inazuia toksoplasma isiamke. Inazuia nimonia moja hatari. Inazuia kimelea kingine cha kuhara kinachoitwa sistoisospora. Inasaidia hata kuzuia malaria. Lakini ndiyo dawa ya kwanza watu kuitupa. Wanasema ARV ndiyo ya maana, hii nyingine ni kidonge kikubwa cha kunyonga mtu tu.

Kuna utafiti uliofanyiwa Homa Bay, matokeo yakachapishwa 2016. Walichukua watu 500 wanaoishi na HIV, waliokuwa wanaendelea vizuri na ARV, nusu wakaendelea na Septrin na nusu wakaacha. Walioacha waliugua malaria mara nyingi zaidi. Hao ni watu ambao CD4 zao tayari zilikuwa zimepanda. Kwa hivyo kama umeandikiwa Septrin, swali la kuacha au kuendelea ni la wewe na mhudumu wako wa kliniki, si la rafiki yako wa TikTok. Ukiona mwili unawasha, ngozi inatoka vipele au mdomo unachubuka baada ya kuimeza, rudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna watu ambao dawa hiyo haiwapatani.

Tukirudi kwa CD4, hapa nina lawama kwa serikali zetu, ya juu na za kaunti.

Zamani CD4 ndiyo iliamua nani aanze ARV. Kisha mwaka wa 2016 Kenya ikachukua mwongozo mpya: ukipatikana na HIV, unaanza dawa, haijalishi CD4 ni ngapi. Ilikuwa hatua nzuri sana na imeokoa maisha ya wengi. Lakini kipimo cha CD4 kikaanza kuonekana kama kitu cha zamani. Macho yote yakahamia kwenye kiwango cha virusi, hadi sasa vijana wengi wanaoishi na HIV wanaweza kukuambia "mimi virusi havionekani," ila ukiwauliza CD4 ni ngapi, kimya.

Hayo ni maswali mawili tofauti. Kiwango cha virusi kinakuambia kama dawa inafanya kazi. CD4 inakuambia kinga imebaki kiasi gani. Mtu aliyepimwa leo kwa mara ya kwanza anaweza kuwa ameishi na virusi miaka minane bila kujua, CD4 zake ziko 60, na anatembea kwa miguu yake akicheka. Bila kipimo hicho utampa ARV, umwambie kwaheri, na mwezi ujao toksoplasma imlaze. Ndiyo maana tangu 2017 WHO imesisitiza kwamba anayeanza dawa, na anayerudi baada ya kuziacha, apimwe CD4. Zikiwa chini ya 200, huyo ana ugonjwa wa HIV uliokomaa na anahitaji kifurushi kizima: apimwe TB, apimwe ile kuvu ya uti wa mgongo, apewe Septrin, afuatiliwe kwa karibu.

Hao wanaorudi baada ya kuacha watakuwa wengi. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo walipoteza kazi, na huduma za kliniki za CCC zikaanza kuhamishiwa kwenye foleni za kawaida za hospitali. Kijana aliyezoea mshauri mmoja anayemjua kwa jina, sasa anapangwa foleni na jirani zake wa ploti. Wengine wameona heri wakae nyumbani. Akikaa nyumbani miezi sita, kinga haimngojei mahali alipoiacha.

Na kama unasoma hii ukisema "mimi sina HIV, hainihusu," ngoja kidogo. Kinga haishushwi na HIV pekee. Wanaotibiwa saratani wanaijua hii. Waliopandikizwa figo wanaijua. Na kuna kundi ambalo halijijui: wanaomeza steroidi bila kuandikiwa.

Katika nchi kadhaa za Afrika, watu wamekuwa wakinunua deksamethazoni ili wanenepe. Sasa fungua simu yako uone vile vidonge vya hips na vya kuongeza uzito vinavyotangazwa, mara nyingi kwenye chupa isiyosema ndani kuna nini. Steroidi ni dawa muhimu ikiandikwa na daktari. Ukiimeza kiholela wiki baada ya wiki, inalaza kinga yako, na hiyo sura ya kuvimba unayoiona kwenye kioo si afya.

Hapo anaingia mnyoo mdogo anayeitwa strongiloidesi. Huingia kupitia ngozi ya mguu ukitembea pekupeku kwenye udongo uliochafuliwa, kama wengi wetu tulivyofanya utotoni ushago. Huyu hahitaji kutoka nje ya mwili ili kuongezeka, anajizalisha humo humo, na anaweza kukaa miongo mingi bila kelele. Kinga ikilazwa na steroidi, anaongezeka kupita kiasi, anatoka utumboni na kufika hadi mapafuni, akibeba bakteria wa utumbo kuwatia kwenye damu. Wengi wanaofikia hapo hawaponi. Dawa yake ni ivamektini, na kile kidonge kimoja cha albendazo tulichokuwa tunapewa shuleni hakimtoshi. Lakini hata ivamektini inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi kabla kinga haijalazwa. Ila kama steroidi zako uliandikiwa kwa sababu ya pumu au lupasi, usizikatize ghafla baada ya kunisoma mimi. Ongea na daktari wako.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukiendesha zaidi ya wiki mbili, duka la dawa halikufai tena. Nenda kituo cha afya, pima choo na uulize waziwazi kama wameangalia kripto, na upime HIV. Kama unaogopa macho ya watu, tangu 2017 vifaa vya kujipima HIV vinapatikana hapa Kenya, unaweza kujipima ukiwa kwako na mlango umefunga, kisha uthibitishe kliniki.

Pili, kama unaishi na HIV, jua namba zako zote mbili. Kama umeacha dawa, rudi hata kama ni mwaka umepita, na ukifika sema ukweli kuwa uliacha. Usiseme "zilikuwa zimepotea." Ule ukweli ndio unaofanya wakupime CD4. Kabla zipande, kula nyama iliyoiva kabisa, hiyo mutura ya kuiva nusu iache. Osha kachumbari kwa maji safi, na kinyesi cha paka kiondolewe na mtu mwingine kila siku. Paka mwenyewe hana makosa, usimfukuze.

Tatu, mtu wa kwenu akianza kuchanganyikiwa au kupooza upande mmoja, usianze na nani amemroga. Hospitali kwanza, siku hiyo hiyo. Mshenga, mchungaji na wajomba watawakuta huko.

Nne, na hii ni yetu sote. Mwaka wa 2024 kizazi hiki kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Kiswahili, Kikamba na Sheng, hadi Rais akakataa kuutia saini. Hakuna aliyetuuliza kama sisi ni wahasibu. Bajeti ya afya ya kaunti yako pia ni karatasi kama ile, na vikao vya maoni ya umma huwa wazi, mara nyingi vikiwa na viti vitupu. Nenda uulize maswali matatu tu. Mashine ya CD4 katika hospitali ya kaunti inafanya kazi? Kemikali zake za kupimia zipo, au ziliisha lini? Septrin iko stoo ya miezi mingapi? Wakikujibu "tutashughulikia," omba tarehe, iandike, na urudi siku hiyo ukiwa na wenzako kumi.